Shamba Hili Haliuzwi: Nani Atauchora Mji Unaomeza Mahindi?

Ingia benki yoyote mjini Kitale, au hoteli ile yenye vitambaa vya meza, uangalie ukutani. Utamkuta twiga. Asipokuwa twiga, basi ni ndovu watatu chini ya mgunga, au moran wa Kimaasai aliyesimama kwa mguu mmoja huku jua likimzamia mgongoni. Picha hizo zimetundikwa katika Trans Nzoia, kaunti ya mahindi na maziwa, ambako mtoto wa eneo la Kwanza anaweza kumaliza kidato cha nne bila kumwona twiga ila kwenye sarafu ya shilingi moja. Hata nzohe, yule swala wa majini ambaye Mbuga ya Saiwa ilitengwa kwa ajili yake hapa hapa kwetu, hajabahatika kupata fremu.

Sina ugomvi na twiga. Nina ugomvi na sisi tunaomnunua, kwa sababu tumekubali kuamini kwamba mandhari ni kitu kilicho mbali, kisicho na watu, kinachompendeza mgeni. Nje ya dirisha la benki hiyo hiyo kuna mandhari nyingine inayobadilika kila msimu wa mvua, na hakuna anayeiwekea kumbukumbu. Ninachodai ni kwamba mji mdogo unaopanuka, pamoja na viunga vyake vya mabati na matofali, ndio mandhari halisi ya Trans Nzoia na Bungoma ya leo. Mchoraji atakayeuchora atatufanyia kazi ambayo msajili wa ardhi na mpiga picha hawawezi kutufanyia.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 818,757 katika Trans Nzoia. Ya 2019 ikahesabu 990,341. Bungoma nayo ilikuwa imefika 1,670,570. Hao zaidi ya laki moja na elfu sabini walioongezeka kwetu kwa miaka kumi wanalala mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo palikuwa shamba. Baba aliwagawia wanawe ekari zake, mwana mmoja akauza fungu lake ili alipe karo au bili ya hospitali, dalali akaja na mpima ardhi, na palipokuwa na mahindi pakatokea ploti za hamsini kwa mia. Ndivyo mitaa ya Matisi na Kibomet ilivyotanuka, na ndivyo vituo vidogo vya Kwanza vinavyogeuka kuwa miji bila mtu kutangaza.

Simama kwenye ukingo wa shamba la aina hiyo mwezi wa Julai. Mabua ya mahindi yamefika kimo cha mtu, nayo yamebanana hadi chini ya dirisha la nyumba ya vyumba sita vya kupanga. Ukuta wa mbele umepigwa plasta na kupakwa rangi ya krimu. Wa nyuma umeachwa matofali matupu, simiti ikichuruzika kwenye viungo, kwa kuwa mwenye nyumba aliishiwa na pesa au aliona kwamba huko nyuma hakuna wa kutazama. Mabati ya upande mmoja ni mapya, yanarudisha mwanga mweupe hadi unafinya macho. Ya upande wa pili yalihamishwa kutoka nyumba ya zamani. Yana kutu, na matundu ya misumari ya awali yamezibwa kwa lami. Kamba ya nguo imefungwa kutoka nguzo ya stima hadi kwenye mgrevilea. Ukutani, kwa herufi nyeusi zinazozidi kubanana kadiri mstari unavyokaribia mwisho, mtu ameandika: SHAMBA HILI HALIUZWI. Na nyuma ya hayo yote, hadi mawingu yatakapoufunika, umesimama Mlima Elgon, ambao Wabukusu wanauita Masaba, mita 4,321 kutoka usawa wa bahari.

Maandishi yale peke yake ni kesi nzima ya urithi. Mtu haandiki kwamba shamba haliuzwi mpaka kuna aliyejaribu kuliuza. Mpiga picha wa gazeti angesogea karibu na maandishi akauacha mlima. Mtengenezaji wa kalenda angeuchukua mlima akayaacha maandishi. Mchoraji ana uhuru wa kuvikalisha vyote kwenye turubai moja, akaukuza ukuta, akaushusha mlima, akatulazimisha tuviangalie pamoja. Mistari iko tayari: mabua na nguzo zimesimama wima, paa zimelala, mlima umefunga nyuma. Hakuna haja ya kusafiri hadi Mara kutafuta mpangilio.

Dhana kwamba mandhari ni mahali pasipo watu ina historia, na historia hiyo ilipita hapa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu waliomaliza vita mashamba katika nyanda za juu, Trans Nzoia ikiwemo, kwa mpango wa mwaka 1919. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Ardhi ya kugawiwa mgeni sharti ionekane tupu: nyasi, mti mmoja, mlima kwa mbali. Wasabaoti na Wapokoti waliokuwa wakichunga humo wangeiharibu picha hiyo, kwa hiyo waliondolewa kwenye picha kama walivyoondolewa kwenye ardhi. Mwaka huo huo wa 1926 Luteni Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake binafsi katika eneo hili, akayajaza vipepeo, ndege na mimea. Mkusanyo wake ndio uliokuja kuyazaa Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974. Tunamshukuru kwa vipepeo. Lakini mtazamo aliotuachia, wa nchi inayohesabiwa kwa wadudu na maua yake, bado ndio unaotawala kuta za benki zetu.

Wachoraji Waafrika waliujibu mtazamo huo mapema. Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kusomea Makerere, alizichora tambarare na miteremko ya Kilimanjaro zikiwa zimejaa watu: wanalima, wanakata ndizi, wanapeleka pombe kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya pombe imehifadhiwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Elimo Njau, jirani yake kutoka Marangu, alichora mwaka 1959 kuta za kanisa la Murang'a, akayaweka maisha ya Yesu katika vilima na maboma ya Wakikuyu. Mwaka 1965 akaanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Wote wawili walisema kwa brashi kwamba ardhi hii ina wenyewe. Ila mandhari yao ilikuwa ya kijiji. Mji waliwaachia waliokuja baadaye.

Waliokuja baadaye wapo, na wanafanya kazi nzuri. Joseph Bertiers, ambaye jina lake la nyumbani ni Joseph Mbatia, alianza kwa kuchora mabango ya baa na maduka huko Dagoretti, pembezoni mwa Nairobi. Alipohamia kwenye turubai hakuyaacha mabango nyuma: aliwaingiza marais wa dunia nzima katika baa za mtaani kwake, akawakalisha kati ya walevi, mbwa na matope. Watu humcheka rais aliye mbele. Mimi huangalia nyuma yake, kwenye vibanda, mitaro na maandishi ya ukutani, kwa sababu hapo ndipo Dagoretti yenyewe ilipohifadhiwa.

Paul Onditi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1980 na kusomea Offenbach, Ujerumani, ana njia nyingine. Katika picha zake nyingi anatembea mtu mmoja, Smokey, peke yake, katikati ya majengo yaliyorundikana hadi hujui barabara iko wapi. Onditi hufanya kazi juu ya karatasi laini za plastiki, akipachika chapa na rangi tabaka juu ya tabaka. Ukiitazama kazi hiyo kwa karibu unaona ghorofa chini ya ghorofa, na hivyo ndivyo miji yetu inavyojengwa: bila kubomoa vizuri cha zamani. Elias Mung'ora, wa studio ya Brush Tu iliyoko Buruburu, huchanganya picha za kamera na rangi kuuonyesha mji wa watu wanaongoja. Nao vijana wa Wajukuu, kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, walialikwa mwaka 2022 kwenye maonyesho makubwa ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani. Waliufunika mlango wa ukumbi kwa mabati yenye kutu, wageni wakaingilia humo, na wakaondoka na Tuzo ya Arnold Bode ya mwaka huo.

Hao wote ni wa Nairobi. Ukivuka Bonde la Ufa kuja huku, orodha inapungua haraka. Kisumu imemtoa Coster Ojwang, mwanafunzi wa shule ya sanaa ya Mwangaza, ambaye amejijengea jina kwa kuchora mandhari na kuimba pia. Kitale na Bungoma bado zinangoja wachoraji wao, ingawa naamini wako tayari barabarani na hatujawatambua.

Nafikiria wachoraji wa mabango. Ili nieleze kwa nini, nianzie mbali. Huko Coventry, Uingereza, George Shaw ametumia karibu maisha yake yote ya usanii kuchora mtaa mmoja tu, Tile Hill, mtaa wa nyumba za halmashauri alikokulia: magereji yaliyofungwa, kijia nyuma ya nyumba, baa iliyobomolewa. Hakuna mtu katika picha zake, na bado unahisi nani ametoka kupita. Jambo lililowashangaza wengi ni rangi yake. Hatumii rangi ya mafuta ya wasanii. Anatumia Humbrol, rangi ya kung'aa ya vikopo vidogo ambayo watoto wa Uingereza hupakia ndege za kuchezea. Mwaka 2011 aliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Turner akiwa na vikopo hivyo hivyo. Alichagua rangi ya mtaa kuuchora mtaa.

Sasa mwangalie fundi wetu wa mabango akiwa kazini. Anaupaka ukuta rangi nyeupe ya maji, anangoja ukauke, anavuta uzi uliopitishwa kwenye chaki na kuuachia ghafla ili ugonge mstari ulionyooka. Rangi yake ni ya mafuta, ile ya kupaka milango na madirisha, iliyonunuliwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kulainishwa kwa tapentaini. Anachora kichwa cha kijana juu ya mlango wa kinyozi, hindi lililomenywa nusu kwenye kinu cha posho, na ng'ombe anayetabasamu juu ya mlango wa bucha bila habari ya yaliyomo ndani. Mkono huo unajua kivuli, unajua kupima herufi, na unaijua rangi inayostahimili jua la Januari na mvua ya Aprili. Kinachomtenganisha na George Shaw ni kwamba hajawahi kuambiwa ageuze shingo, auache mlango wa bucha, auchore mtaa mzima.

Na kazi yake inakufa. Mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine yanatoka kwa saa moja, nayo yana picha za nyama zilizotolewa kwenye intaneti. Kwa upande mwingine kampuni kubwa zinampa mwenye duka rangi na kumpakia ukuta bure, mradi ukuta wote uwe wa rangi ya kampuni. Pita kituo chochote kati ya Kamukuywa na Kitale utaona safu nzima ya maduka imekuwa ya kijani ya huduma ya pesa, inayofuata nyekundu ya mtandao shindani, kisha buluu ya sabuni. Kwa maneno mengine, mchoraji mkubwa wa mandhari wa miji yetu kwa sasa ni idara ya matangazo. Ametupaka sote na hatujamuuliza anachotaka kusema.

Gharama ya kutokuwa na wachoraji wetu naipima kwa mji wa Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza kuzalisha mwaka 1974, na kwa zaidi ya miaka thelathini mabomba yake ya moshi yalikuwa saa na dira ya mji. Msafiri wa barabara ya Eldoret aliinusa Webuye kabla ya kuiona. Wakazi walilalamika kwamba hewa ile inakula mabati ya nyumba zao, na bado walijenga nyumba hizo kwa mishahara ya kiwanda hicho hicho. Kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la kampuni za Rai. Kizazi kilichozaliwa baada ya hapo kinasikia habari za zamu za usiku, za malori ya magogo na za soko la mwisho wa mwezi kwa mdomo wa wazee tu. Kiwanda kilichotengeneza karatasi miaka yote hiyo hakikuachiwa mkusanyo wa michoro juu ya karatasi yake ambao mtoto wa shule anaweza kupelekwa kuuona.

Linganisha na Salford, karibu na Manchester. L. S. Lowry alikuwa mkusanyaji wa kodi za nyumba hadi alipostaafu mwaka 1952. Mchana alibisha milango ya wapangaji, jioni akachora viwanda vya nguo, mabomba ya moshi na umati wa vibarua wembamba wanaotoka zamu. Wakati huo wengi waliona ni upuuzi kuchora moshi ilhali Uingereza ina mabonde ya kijani. Viwanda vilifungwa. Picha zikabaki, na mwaka 2000 Salford ilifungua kituo kikubwa cha sanaa chenye jina lake, ambacho watu hulipa nauli kwenda kukiona. Mji uliopoteza viwanda ulibaki na ushahidi kwamba uliwahi kuwa navyo. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lowry alikuwa daftari, na Webuye haikupata karani.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza: nani atanunua picha ya choo cha mabati? Ni swali la haki, kwa sababu mchoraji ana kodi ya nyumba na watoto. Twiga anauzika kwa kuwa soko lake lilitengenezwa miaka mingi na watalii, na msanii wa Kitale anaichora savana asiyoiona ili aiuze Nairobi kwa mtu asiyemjua. Lakini soko hutengenezwa. Familia iliyojenga nyumba ya kwanza ya matofali Kapomboi haijawahi kuulizwa kama ingependa kuwa na picha ya boma lile la udongo kabla halijabomolewa. Naamini wengi wangelipa, pengine kwa awamu kama wanavyolipia viti.

Ya pili: simu zetu zimejaa picha, mchoro wa nini? Simu hupotea, huibiwa, huanguka chooni. Zaidi ya hapo, picha ya simu huchukua nukta moja ya wakati, na mara nyingi katikati yake tumesimama sisi wenyewe tukitabasamu. Mchoraji hukaa. Akikaa wiki mbili mbele ya ploti moja ataona bomba la maji likikauka, mwenye nyumba akija kudai kodi, mabua yakikatwa na kupangwa, na vyote vitaingia kwenye picha moja kwa namna ambayo kamera haiwezi.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: je, si kuuza umaskini? Kuna soko huko nje linalopenda mabanda yetu kuliko linavyotupenda sisi, na mchoraji anaweza kunaswa nalo, akabadilisha twiga kwa jalala na asiwe amesogea hatua. Dawa ninayoiona ni kumweka mtazamaji wa kwanza hapa nyumbani. Picha ya Matisi ikitundikwa Matisi, watu wa Matisi watasema mara moja kama imewatukana. Watajua pia kama mchoraji amekosea rangi ya mlango wa fulani.

Kwa hiyo nini kifanyike? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Trans Nzoia na Bungoma zinaweza kutenga fungu dogo kila mwaka la kununua picha za wadi zao, zilizochorwa na wakazi, zikiwa na tarehe na jina la mahali. Makumbusho ya Kitale yanaweza kuzipa ukuta mmoja, jirani na vipepeo wa Stoneham. Mwaka wa kwanza picha zitaonekana za kawaida mno. Baada ya miaka ishirini zitakuwa rekodi ya pekee ya jinsi mahindi yalivyogeuka kuwa mji.

Shule nazo zina nafasi ambayo hazikuwa nayo. Chini ya mtaala wa umilisi, shule za upili za juu zina mkondo wa sanaa na michezo. Mwalimu asiye na bajeti ya turubai anaweza kuwatuma wanafunzi wachore njia wanayopita kutoka nyumbani hadi darasani, kwa penseli na daftari, muhula kwa muhula. Asiwape kalenda waige. Na akitaka mkufunzi wa rangi asimtafute mbali. Amlipe fundi wa mabango aje Ijumaa alasiri kuwaonyesha jinsi uzi wa chaki unavyonyoosha mstari.

Wenye benki na hoteli nawaomba jambo moja tu: mmoja wa twiga wale ampishe fundi wa hapa, apewe ukuta huo na muda wa kutosha, na asiambiwe achore nini. Sisi wananchi huitwa kila mwaka kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, tukataja barabara, zahanati na maji, na tuna haki ya kuvitaja. Mwaka huu na atokee mtu wa Kwanza asimame, aulize picha ya wadi yake iko wapi. Akijibiwa kwamba hakuna pesa, aulize pia ni nani aliyelipia mabango yote yale ya kuwapongeza viongozi.